Ile Kompyuta Isiyonguruma

Tuwan, Kitale
Jumapili, baada ya chai ya saa kumi

Simiyu mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda mjini kuwaaga wenzako, nami nimepata nafasi ya kukuandikia bila wewe kunikodolea macho. Nakuandikia kwa kalamu. Mimi niliyeanza kuchapa tangu enzi za taipureta, ambaye vidole vyangu vinaijua kibodi kuliko vinavyojua kuchambua mchele, leo nimetuma mtu dukani aniletee karatasi za mistari kama mtoto wa darasa la nne. Sababu unaijua. Barua hii nitaikunja niitie katikati ya mashati yako, utaikuta kesho ukifungua begi kwa baba yako mdogo Makokha.

Sitakuambia ule vizuri wala ufue soksi. Umekaa chuoni Kibabii miaka hiyo yote na hukufa. Tena Bungoma si ng'ambo. Mtu akitoka hapa asubuhi, akapita Kiminini na Webuye, chakula cha mchana anakula huko. Wazazi wengine hulia mtoto akienda mbali. Mimi nalia kwa sababu unaenda karibu, tena unaenda kukaa na watu walewale wa ukoo wa baba yako. Mpaka leo sijajua kama wao walikutuma wewe au wewe uliwatuma wao.

Wacha niseme mapema, usije ukasoma kurasa hizi ukitafuta mahali nilipolificha. Umenisaliti, Simiyu. Nimelitafuta neno lililo dogo zaidi ya hilo na sikulipata.

Nikianza na ubaya tu nitakuwa nimekuonea, kwa hivyo naanza na uzuri. Unaikumbuka ile kompyuta ya zamani, ile niliyopewa na shule nilipostaafu usekretari. Ilikuwa na tumbo kubwa chini ya meza, na ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Kwa mitihani ya shule na barua za kanisa haikunisumbua. Lakini kazi iliyokuwa inanipa unga ni programu za mazishi, vile vijitabu vya maisha ya marehemu. Mtu anakuja hapa na picha ya marehemu kwenye simu, anakaa karibu na dirisha, ananisimulia: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha nani. Nami nachapa. Akifika pale pa kuugua, sauti inakatika, inakuwa ya chini, na ile mashine inazidi kunguruma. Namwambia, "Rudia, mama, sijasikia." Hebu fikiria kumwambia mama arudie vile mtoto wake alikufa.

Ukaja likizo mvua zikianza, ukaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mathe, kwani hii kompyuta unatumianga kufanya nini hasa?" Nikakuambia nachapa, nasikiliza nyimbo za kwaya nikipika, naongea na dada yako Nafula huko Nakuru, basi. Nikakuambia nataka kitu kidogo, kisichokula sebule yangu, na kisiwe na sauti. Ukasema, "Hiyo ni rahisi. Tatizo watu hununua lori kwenda kununua mkate." Nilicheka siku nzima.

Ukaamua kuniundia mpya kwa mikono yako. Vifaa vingine vilikuja kwa parseli kutoka Nairobi, vingine ukavipata kwa yule mzee wa kilemba mwenye duka mjini. Alikigeuza mkononi kile kisanduku cha kuiundia kompyuta akakuuliza, "Hii ndogo namna hii itafanya kazi kweli, ama ni ya kuchezea mtoto?" Ukamjibu kwa heshima kwamba ni ya mama yako. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na nikajisikia mtu mkubwa.

Ukaitandaza kazi yako kwenye meza ya kulia, juu ya kitambaa cha pamba. Ukanikataza nisisogee na sweta ya sufu, ati ina umeme wa kurusha, na wewe mwenyewe kila ulipotaka kugusa ile bodi ulishika kwanza chuma cha dirisha. Ukapaka ile dawa nyeupe kama dawa ya meno, kiasi cha punje ya mchele, ukanieleza kwamba inabeba joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye kifuniko, na kifuniko chenyewe, kile cha chuma chenye mbavu, ndicho kitakachopoa kwa hewa tu. Hakuna feni. Diski nayo haizunguki. Ulipokaza skurubu ya mwisho kile kisanduku kilikuwa na ukubwa wa Biblia yangu. Nikaweka sikio juu yake, kimya. Nikasema, "Imewaka kweli hii?" Ukachukua mkono wangu ukauweka juu: "Shika, Mathe." Kilikuwa na uvuguvugu.

Ulinikuzia herufi kwenye skrini, ukaniachia kibodi yangu ya zamani kwa sababu vidole vyangu vimeizoea. Hayo yote ulifikiria. Ndiyo maana naumia hivi; mtu asiyekujua hawezi kukuumiza kwa ustadi huo.

Mwisho kabisa ukaweka kamera juu ya skrini. Ya kuongea na Nafula, ukasema. Kisha ukakata kipande cha ile selotepu nyeusi ya mafundi wa stima, ukakibandika juu ya kijitaa chake. Nikakuuliza ya nini. "Taa yake ni kali, itakuchoma macho." Nikasema asante. Ukaniambia pia, "Usiwe unaizima, Mathe. Iache tu, inalala yenyewe, na haili stima." Nikasema asante tena. Ile mashine ya zamani ilikuwa na adabu moja: ikiwa macho, unaisikia. Hii yako haikunipa hata pumzi ya kunionya.

Sasa nije kwa Mzee Khaemba.

Unalijua jina lake sasa, lakini hujawahi kulisikia kwangu, na hilo ndilo linalonikera. Alikuja hapa mara ya kwanza pamoja na shemeji yake, kutaka programu ya mazishi ya mke wake. Alikuwa ofisa wa kilimo upande wa Bungoma kabla ya kustaafu. Nilipofika mahali pa ugonjwa nikachapa kama ninavyochapia wote, kwamba aliugua kwa muda mfupi. Akaniambia, "Hapana, mama. Aliugua muda mrefu na alichoka. Andika hivyo." Nikaandika. Miezi mingi baadaye akapita kunishukuru, akaniletea mbegu za maharagwe. Akapita tena. Siku za Alhamisi huwa anaenda Kiminini kuwaonyesha wakulima mambo ya mbegu, na akimaliza anakuja hapa, tunakunywa chai, anarudi kwake. Ndio uovu wote huo.

Alhamisi moja ya mvua nilichinja kuku. Nikafika kwenye firigisi, ile sisi tunaita imondo, na nikasimama jikoni na mwiko mkononi. Wewe unajua, na kila mtu aliyelelewa katika boma la Wabukusu anajua, kwamba imondo ni ya mwenye nyumba. Mwanamke akimwekea mwanamume imondo ndani ya nyumba yake, amesema jambo, hata kama hajafungua mdomo. Sikuteleza. Nilifikiria mpaka ugali ukataka kuungua, kisha nikaiweka kwenye sahani yake. Aliiona. Aliweka kijiko chini, akanyoosha mkono, akanitoa miwani usoni, kwa sababu ilikuwa na mvuke wa sufuria, akaipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni na kunirudishia. Kisha akala.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvua. Tulikuwa wawili. Nilikuwa nimesema neno ambalo sijalisema tangu baba yako aingie kaburini, nikalisema kwa mtu mmoja. Nilipanga wa pili awe wewe. Ulikuwa unakuja mwisho wa wiki, na nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno, hata nikayajaribu peke yangu nikiosha vyombo. Bila shaka uliniona nikiyajaribu.

Ile Jumapili ulikuja kweli, lakini hukuja peke yako. Nilisikia gari, nikatoka, nikaona Makokha anashuka, na wazee wawili wa ukoo, na wewe nyuma yao. Nikafurahi! Nikafikiri mmekutana njiani. Nikaweka maji ya chai. Ulikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, upande wao, ukawa unaangalia simu.

Makokha alianza vizuri, kama kawaida yake. "Mulembe, shemeji. Sisi hatujakuja na ubaya. Hii boma ni ya ndugu yetu Barasa, na wewe ni wetu."

"Mulembe. Karibuni chai."

"Chai tutakunywa. Lakini kwanza utuambie. Ati siku hizi kuna mtu anakujanga hapa Alhamisi, anakalia kiti ya marehemu, anakula imondo ya marehemu. Mpaka anakupangusia miwani! Sasa sisi tuseme nini kule nyumbani?"

Ile miwani ndiyo iliyoniambia. Kuhusu kiti, jirani angeweza kuchungulia. Kuhusu kuku, harufu inatoka hata mlango ukifungwa. Lakini miwani ilipanguswa mara moja tu, kwa muda wa kupepesa jicho, mlango umefungwa na mvua inanyesha. Nikakuangalia, na wewe ukazidi kuinamia ile simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelichapa neno hilo mara nyingi kwenye karatasi za mitihani ya Kiswahili, na siku hiyo ndipo nilipolielewa.

Hawakukaa sana. Mmoja wa wale wazee akasema, "Macho hayana pazia, mama. Ukiona umeona." Makokha akamaliza kwa kuniambia kwamba nikiendelea, basi nisihesabu tena kile kipande nilichotengewa kuzikwa kando ya kaburi la Barasa, na nisije kule kama mwenyeji. Akanipa muda wa kufikiria. Akasema wewe utahamia kwake, utajenga kwenye shamba la baba yako, na siku ya kuhama ndiyo utakayompelekea jibu langu. Uliwasindikiza hadi kwenye gari.

Nikasimama mbele ya skrini. Ilikuwa nyeusi, imelala, kama ulivyonifundisha kuiacha. Nikaingiza ukucha chini ya ile selotepu, ikatoka polepole. Chini yake kulikuwa na kijitaa cha kijani, kinawaka; kamera ilikuwa macho. Hata hakikuwa kikali. Ulinikuta hapo ukirudi, selotepu imening'inia kwenye kidole changu.

"Mathe, si ni security tu. Tuwan kuna wezi, bana."

"Mwizi gani anakuja na mbegu za maharagwe?"

"Mi' nilikuwa nacheki kama uko sawa. Ulianguka ile time bafuni, sikujua mpaka Nafula akaniambia. Nikasema haitatokea tena."

"Na ulipoona niko sawa?"

Ukageuka ukakitazama kile kiti. Kisha ukalisema, na sauti yako ilikuwa ya mtoto kabisa. "Amekalia kiti ya Daddy. Ukampea imondo. Mi' ningefanya aje?"

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia ukweli?"

Nimelirudia swali hilo kila siku tangu siku ile, na kila mara hasira inanipanda upya. Lini nilikudanganya? Ulipouliza kama baba yako atapona nilikuambia hapana, na ulikuwa mtoto, na daktari alikuwa amenishauri nikufiche. Ulipouliza kwa nini hatuna karo nilikuambia. Mtu ambaye hajawahi kunyimwa jibu mlangoni hana sababu ya kupitia dirishani.

Halafu kuna wale wengine, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Nilikuuliza kuhusu yule mama wa hapa chini, aliyekuja kuandikisha programu ya mtoto wake mchanga, aliyevua kitambaa cha kichwa na kujifunika nacho uso, akalia mpaka chai ikapoa. Ulisema, "Hao sikuwa naangalia." Labda. Lakini jicho lilikuwa wazi. Watu walikuja kulia ndani ya nyumba yangu kwa sababu wananiamini, na mimi niliwakalisha mbele ya jicho la mtu bila kujua. Baada ya siku ile niliwaambia wateja kompyuta imeharibika. Nimeficha siri za watu miaka mingi, lakini huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwao, na niliusema kwa sababu yako.

Nikueleze kitu cha ofisini, maana hukuwahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini huko. Mitihani yote ya shule ilipitia mikononi mwangu kabla ya mwanafunzi yeyote kuiona. Mwaka ambao Nafula alikuwa kidato cha pili shuleni hapo, nilichapa mtihani wake wa hesabu jioni, nikarudi nyumbani, nikamkuta kwenye meza hii hii anahangaika na aina ileile ya swali. Alikuwa analia. Alikuwa ameambiwa akifeli atarudia. Ningeweza kusema neno moja tu, "Soma pale." Nikaenda jikoni nikawasha jiko, nikakaa huko nikimenya vitunguu ambavyo hatukuvihitaji. Alifeli. Akarudia. Hajui mpaka leo kwamba mama yake alikuwa na jibu mkononi. Sikusifu uamuzi huo. Pengine nilikuwa mkali kupita kiasi. Lakini nilijifunza kwamba kuona ni mzigo, na anayebeba mzigo hautui mahali popote anapoona nafasi. Wewe uliona, na kabla jioni haijaisha ulikuwa umeshautua miguuni pa Makokha.

Nimejaribu kuelewa ni wapi ulipata wazo kwamba nyumba hii ni yako kuilinda dhidi yangu. Nimefika mahali ambapo sikupenda kufika. Baba yako alipozikwa ulikuwa darasa la saba. Kuku wa kwanza tuliyemchinja baada ya matanga, nilisimama jikoni na imondo mkononi, sijui niifanyie nini. Nafula alikuwa mkubwa kuliko wewe, lakini ni msichana, kwa hivyo sikumfikiria hata kidogo. Nikaiweka kwenye sahani yako. Nikasema, "Kula, wewe ndiye mwenye nyumba sasa." Shangazi zako wakashangilia. Wewe ukaitafuna ukinitazama, na ilikuwa ngumu, lakini ukaimeza. Miaka yote iliyofuata nimekuwekea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema watu, na kawaida husema kumsuta mama. Haya, nimesutika. Mtoto wa kike alikula shingo na akajifunza kuniuliza mambo. Mtoto wa kiume nilimpa nyumba kwenye sahani, halafu nikashangaa alipoanza kuichunga.

Lakini usiishikilie aya hiyo na kuiacha nyingine. Nilikupa kipande cha kuku. Sikukupa nafsi yangu. Mtu mzima wa umri wako, anayejua kuunganisha waya hata umeme unapita mahali anapotaka, alijua vizuri kabisa kwa nini alifunika ile taa. Ungekuwa unaamini ni usalama tu ungeiacha iwake.

Nafula alipojua alinishauri niivunje kompyuta. "Ipige na mchi, Mum," akasema kwenye simu, "nitakununulia ingine." Nikafikiria kuivunja, kwa kweli nikafikiria. Kisha juzi ukiwa bafuni nilimwita fundi wa simu wa pale kwenye kona, akaikagua mbele yangu, akaondoa ile programu yako ya kuchungulia na kunionyesha kwa kidole mahali ilipokuwa. Ulipotoka bafuni ukamkuta na ukajua. Wote watatu tulisema "Sasa" na "Poa" kana kwamba hakuna lililotokea. Kamera nimeiondoa, iko ndani ya begi lako, chini kabisa, nimeizungushia soksi. Kompyuta nimebaki nayo. Ni nzuri. Kesho kutwa kuna watu kutoka Kiminini wanakuja kuandikisha programu ya nyanya yao, nami nitawasikia vizuri.

Leo asubuhi kanisani ulinisaidia kubeba viti, na ulipomaliza ukaja kusimama karibu nami kama uliyetaka kusema jambo. Nilikuona. Nilikupa nafasi, hata nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Ukasema, "Mathe, mvua itanyesha." Basi, ilinyesha. Nilikuwa nataka unikosee adabu, unigombeze, useme humpendi Mzee Khaemba, useme nimemsahau baba yako, chochote ambacho ningekijibu. Ulinyamaza kama ile mashine yako. Hilo nimeshindwa kulisamehe, na sitakudanganya kwamba nitalisamehe ukishafika huko ukanitumia ujumbe wa salamu. Labda itachukua muda. Mimi ni mtu wa muda. Nilisubiri mstari wa taipureta ufike mwisho maisha yangu yote.

Nikuambie kuhusu baba yako, ili usimsikie kwa Makokha peke yake. Kabla hajazidiwa, siku moja alinishika mkono akaniambia, "Nekesa, usikae ukinisubiri." Nilimkemea. Nilimwambia aache maneno ya kufa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na mitihani ya kuchapa, na niliyachukulia maneno yake kama mojawapo ya malalamiko ya mgonjwa. Sikumuuliza alimaanisha nini, na hakurudia. Ningekuwa na akili ningekaa kitandani pale nikamuuliza vizuri. Kwa hivyo, Simiyu, mimi ninajua gharama ya kutouliza. Najua kuliko ninavyojua kuchapa. Kama kuna kitu kimoja nataka kikutoke Kitale kikuandame hadi Bungoma, ni hicho.

Kuhusu lile kaburi. Makokha ameniumiza hapo kuliko anavyojua. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nitalala pale, upande wa kushoto, chini ya ule mparachichi ambao baba yako aliupanda ukakataa kuzaa. Nimelia juu ya hilo, si mara moja. Lakini nimeona kwamba mtu akinipangia mahali pa kulala nikifa kwa sharti la vile nitakavyokaa nikiwa hai, hiyo si heshima, hiyo ni rehani. Waambie nimesema hivyo au usiwaambie, shauri yako.

Nasikia lango. Ni wewe, unaongea na jirani, unacheka. Una kicheko cha baba yako na ninakipenda hata leo, hata nikiwa na hasira namna hii. Wacha nimalize.

Kesho utafika, utakaribishwa, utapewa chai, na kabla ya kikombe cha pili Makokha atakuuliza jibu langu. Ni hili. Alhamisi Mzee Khaemba atakuja, na akimaliza kunywa chai tutatoka pamoja mchana kweupe, tupite mbele ya watu wote wa Tuwan hadi kwa mchungaji, tumwambie anataka kunioa nami nimekubali. Mchungaji hajui bado. Nafula hajui. Wazee wa ukoo hawajui. Nimekuambia wewe kwanza, kama nilivyopanga tangu ile wiki ya mvua, kabla hujanipokonya nafasi hiyo. Siri hii ni yako sasa mpaka Alhamisi. Ukitaka kuwaambia, waambie. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mara hii hujaiiba, nimekupa.

Mimi mama yako,
Nekesa